Sabuni Iliyokataa Kuganda

Ukikutana na Profesa njiani nawe umebeba kitu kichwani, salamu yake haikuwa habari ya asubuhi. Alisimama katikati ya njia, akautazama mzigo kwanza, halafu wewe, akauliza: "Hiyo inatoka wapi, na inaenda kuwa nini?"

Ukimjibu kwamba ni ngazi za mchikichi, yale mashada ya matunda yake, unapeleka kukamuliwa, alikupisha kwa furaha. Ukimjibu kwamba ni mawese unapeleka kwenye boti, uso wake ulibadilika kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Mabichi?"

"Yamechemshwa, Profesa. Ni mafuta tayari."

"Mabichi," alisema, akaendelea na safari. Kwake yeye mafuta yaliyotoka Baraka, mji wetu, ndani ya bido la plastiki yalikuwa mabichi hata kama yamechemka jikoni tangu alfajiri.

Kwetu kila mwalimu wa sekondari anaitwa Profesa, kwa hiyo mji una maprofesa wengi. Lakini ukisema Profesa peke yake, sokoni, kanisani au ufukweni, hakuna aliyekuuliza yupi. Alikuwa mwalimu wa uchumi. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sitaandika, kwa sababu mwenyewe hakupenda kuulizwa. "Andika mimi ni wa kandokando ya ziwa," alisema, na hapo akawa amemaliza.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni hata wakati joto linapowalaza mbuzi kivulini. Alikuwa na baiskeli, lakini aliisukuma zaidi kuliko kuipanda. Siku moja nilimuuliza sababu.

"Nikipanda, bantu banapita," alinijibu. "Nikisukuma, banasimama."

Na kweli walisimama. Mimi nimetembea sana, zaidi ya watu wengi wa umri wangu, na katika miji yote niliyolala sijaona mtu mwingine aliyeugeuza mtaa mzima kuwa darasa kwa kusukuma baiskeli tu.

Somo lake ninalolikumbuka zaidi lilianza bila neno. Aliingia na vitu viwili, akaviweka mezani: bido dogo la mawese na mche wa sabuni ya bluu.

"Hivi ni vya nani?"

Mwenzetu mmoja akasimama. "Mafuta iko ya kwetu, Profesa. Sabuni iko ya ng'ambo."

"Unakosa. Kaa." Akaunyanyua mche wa sabuni juu ili sote tuuone. "Hii ni mafuta yetu ile ile. Ilivuka ziwa, ikaenda kusoma, ikapata diplome. Sasa inarudi hapa imejifunika karatasi, na haitusalimii."

Darasa likacheka. Nyuma kabisa sauti ikasema, "Basi na siye tuvuke, Profesa, tukasome!"

"Vukeni. Lakini mukirudi tutawaloweka ndani ya maji, tuone kama munatoa povu."

Halafu akachora ziwa ubaoni, refu kama samaki aliyesimama kwa mkia. Upande huu akaandika Baraka na Lweba, akaichomoza rasi ya Ubwari kama kidole. Upande ule akaweka nukta moja, Kigoma. Akachora mshale mnene unaokwenda na mshale mwembamba unaorudi. Kitabu chetu kilisema nchi kama yetu ziko pembezoni mwa uchumi wa dunia. Profesa alitusomea sentensi hiyo kwa sauti nzuri, akafunga kitabu, akachungulia dirishani.

"Pembezoni ya nini? Mimi nikisimama hapa, naona katikati iko hapa."

Hakuwa mtu wa kulialia. Mtu akisema mbele yake kwamba sisi ni maskini, alimkatiza: "Maskini hana kitu. Siye tuko na kila kitu, ila hatukimalizi." Kumaliza ndilo lilikuwa neno lake. Muhogo uwe unga, samaki awe mkavu na awe kwenye mfuko wenye jina, mawese yawe sabuni. Wengine walilaumu wakoloni, wengine serikali, wengine vita, naye aliwakubalia wote kwa kichwa kisha akauliza swali lile lile: na hiki kilicho mkononi mwako leo, kinaenda kuwa nini? Alikuwa na tamaa moja tu, na aliitangaza mpaka watoto wakaijua. Alitaka kabla hajafa aone kitu kimoja, hata kidogo, kikitoka Baraka kikiwa kimekwisha kutengenezwa.

Nilipomwambia kwamba ninakwenda Lulimba kwenye dhahabu, alinitazama kama mzigo mwingine.

"Dhahabu ni mbichi kuliko hata mawese," alisema. "Mawese, ukikosa mununuzi, utatia kwenye sombe, utakula. Dhahabu ukikosa mununuzi, utaitia wapi?"

Nilikwenda. Miguu yangu haijawahi kumsikiliza mwalimu. Lakini nilikuwa nikirudi kila mara, na kila nikirudi nilipita kwake, na ndivyo nilivyoona haya ninayoyaandika.

Msidhani alikuwa mtu mnyoofu kama rula. Wakati fulani watu wa mradi walikuja kutufanyia semina ya maendeleo ukumbini, na katikati ya asubuhi wakagawa biskuti na maji ya chupa. Profesa akanyoosha mkono. "Naomba kuuliza. Hii biskuti inatoka wapi?" Msemaji hakujua. Akasoma karatasi ya biskuti, akaona aibu, akairudisha mezani. Profesa akatoa karanga mfukoni mwake, akala polepole, zikisikika ukumbi mzima. Lakini tulipotoka nilimwona akikusanya biskuti zilizobaki ndani ya leso yake.

"Za batoto," alisema. "Biskuti yenyewe haina kosa."

Na shati lile jeupe! Mji mzima ulijua kwamba halikuwahi kufuliwa na kitu cha kwetu. Bibi yake wa ndoa alinunua mche wa ng'ambo kwa siri, akaufunga kwenye kitambaa, akaficha nyuma ya mtungi. Siku mashemeji walipomtania, aliwajibu bila kuacha kusugua: "Mukitaka Profesa avae shati ya rangi ya mawese, mumwambie mwenyewe. Mi nataka amani."

Alipata hata kuwashawishi wakubwa wa soko kwamba siku moja ya wiki sabuni ya nje isiuzwe. Aliita siku hiyo zoezi la mlango: nchi, alisema, lazima ijifunze kufunga mlango kabla ya kujenga nyumba. Bamama walikubali kwa makofi. Ilipofika siku yenyewe, nani aliona sabuni ya ng'ambo? Hakuna. Meza zilijaa sombe tu, majani ya muhogo, mafungu makubwa makubwa, kana kwamba mji mzima umeamua kula majani. Profesa akaegesha baiskeli, akaanza kupindua sombe. Chini ya fungu la kwanza, mche wa bluu. Chini ya la pili, miche miwili.

Mwenye fungu la tatu alimshika mkono. Huyo alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita boti lililoko mbali. Aliongoza chama cha wanawake wanaokamua mawese, na kwa hiyo wote tulimwita Prezida.

"Profesa, acha sombe yangu. Utainunua?"

"Mama Prezida, hata weye?"

"Hata miye. Unafunga mlango, nyumba haiko. Tutalala wapi? Utupe sabuni ya kwetu kwanza, ndipo ufukuze ya wenyewe."

Watu walimcheka Profesa siku ile, lakini naamini ndipo kiwanda kilipozaliwa. Alikwenda nyumbani, akapanda juu ya jiko lake la nje, akaanza kung'oa mabati. Mabati yale ndiyo yaliyoezeka nyumba ya sabuni, pembeni ya mashine ya akina Prezida ya kukamua mawese, ile ya pipa na mti mrefu unaosukumwa kwa kuzunguka. Masika yote bibi yake alipika akiwa ameshika mwavuli.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Soda ya kugandishia ililetwa kwa lori kutoka Uvira, na sabuni ikatoka ya njano, ngumu, ikakatwa kwa waya, na Profesa mwenyewe akapiga kila mche muhuri wa mbao alioutengeneza. Muhuri ulisema BARAKA. Alitembea na mche mmoja mfukoni mwa shati kama watu wengine wanavyotembea na kalamu.

Halafu mvua ikabeba daraja, na daraja lilipotengenezwa, barabara ikawa na bunduki. Soda ikakwama. Akina Prezida walikuwa tayari kungoja, kwa maana kungoja tumekuzoea. Profesa hakuwa tayari.

"Kiwanda kinachongoja lori ni ghala tu," alisema. "Tutatumia majivu."

Alikuwa anajua analosema. Ngazi zikiisha kupukuchuliwa, mashina yake hubaki yametupwa malundo malundo karibu na kila mashine ya mawese. Ukiyachoma, ukachuja maji kwenye majivu yake, unapata maji makali yanayokula mafuta yakawa sabuni. Nilikuwa nimetoka Lulimba wakati huo, nikawa mmoja wa waliobeba majivu, tukawa weupe kama watu waliofufuka. Profesa alijaribu maji yale kwa yai: likizama, bado; likielea, tayari. Siku yai lilipoelea alicheka peke yake kwa muda mrefu.

Kosa lake lilikuwa kualika mji kabla ya kuangalia. Walikuja mchungaji, mkubwa wa kata, wafanyabiashara, na mwanamume mmoja aliyekuwa akileta sabuni kutoka ng'ambo. Profesa alitoa hotuba fupi kuhusu nchi zinazomaliza na nchi zinazoanza tu, akainama, akafungua ubao wa mbele wa kisanduku ambamo sabuni ilimiminwa igande.

Sabuni ikatoka yenyewe. Ilitoka polepole, kahawia, inang'aa, kama uji mzito, ikafika kwenye meza, ikaufunika muhuri uliokuwa ukingoja hapo.

Halafu kutoka nyuma: "Profesa, tulete vijiko?"

Tangu siku hiyo kitu kile kikaitwa buji ya Profesa, yaani uji wake. Watoto waliimba. Prezida alimfuata mpaka kwake.

"Tutie chumvi. Bamama wazee banasema ukichemsha na chumvi, inaganda."

"Najua inaganda," alisema Profesa. "Chumvi inatoka wapi?"

"Uvinza."

"Uvinza iko upande gani wa ziwa?"

"Profesa, bugali yako unakula na chumvi ya nani?"

"Bugali siuzi."

Hapo ndipo yule mwanamume wa sabuni za ng'ambo alipokuja na maneno matamu. Nyumba ile ni nzuri, bati halivuji, iko karibu na ufuko. Akikodishiwa, ataweka makatoni yake humo. Wanawake wakakutana chini ya bati lile lile ili wakubali au wakatae, na mimi nilikuwepo, nimekaa juu ya gunia la majivu. Tulidhani Profesa atanguruma. Aliinuka, akatoa ufunguo mfukoni.

"Mumpe," alisema. "Tumejaribu. Mumpe."

Prezida alimkodolea macho. "Weye? Weye ulipindua sombe yangu ukitafuta sabuni ya ng'ambo kama askari. Leo unaitafutia nyumba ya kulala?"

"Mama, ile kitu si sabuni. Sabuni iko na umbo. Inakatwa. Inapigwa muhuri. Ikipangwa dukani, inasimama. Ile yetu haisimami."

"Inatoa povu?"

Profesa aligeuzageuza ufunguo kiganjani.

"Nauliza, Profesa. Inatoa povu, ao haitoi?"

"Inatoa."

"Nguo inatakata?"

"Inatakata. Lakini..."

"Basi mi sijasoma ekonomi. Niambie ni nini hiyo yenye inatoa povu na nguo inatakata, na si sabuni."

Aliweka ufunguo juu ya kisanduku, akafunga kifungo cha shingo ambacho kilikuwa kimefungwa tayari, akatoka akisukuma baiskeli. Nimemwona Profesa akishindwa mabishano mara chache, na hiyo ndiyo iliyomuuma. Alikuwa ameitetea sabuni ya kwetu miaka yote, lakini kichwani mwake ilikuwa na sura ya ile ya bluu. Alitaka tumalize kitu, ila alitaka kiishie pale pale walipomalizia wenzetu. Prezida aliufunga ufunguo kwenye pindo la kitenge chake, na mwenye makatoni akatafuta nyumba kwingine.

Waliotuokoa walikuja kwa mtumbwi, hawakujua kwamba wanaokoa mtu. Walikuwa wavuvi wa Ubwari, wamefika kuuza ndagala, mikono inanuka samaki. Prezida aliwapa buji ya kunawia. Mmoja akauliza kama anaweza kubeba kidogo kwenye kopo la maziwa.

"Ya nini?" Prezida akauliza. "Kwenu hakuna miche?"

"Miche yote iko chini ya ziwa, mama," alisema mvuvi. "Unanawa kwenye mutumbwi, inateleza, pwaa! Kule chini samaki banaoga kila siku. Hii itakaa ndani ya kopo."

Wiki zilizofuata walirudi na makopo ya wenzao. Wake zao wanaofulia juu ya mawe, ambako wimbi hunyakua mche ukigeuza kichwa, wakataka ndoo. Halafu wauza samaki wa Lweba. Halafu walimu, kwa ajili ya masahani ya shule. Ile hali ya ulaini iliyotuchekesha mji mzima ndiyo watu wa maji waliyokuwa wakiitaka bila kujua waiagize kwa nani.

Na Profesa? Alirudi, kimya kimya, kama anayepita tu. Aliegesha baiskeli, akaomba yai, akajaribu maji ya majivu. Kesho yake tena. Akawafundisha kuchoma mashina yakiwa yamekauka kabisa, akagombeza waliochanganya mavumbi ya jiko. Kiwanda kilikuwa mikononi mwake kuliko mwa mtu yeyote, lakini jina la sabuni hakulitamka. "Ile kitu imepoa?" aliuliza. "Ile kitu mufunike, mvua inakuja." Mimi nilikwenda tena, nikarudi tena, miaka ikapita, na bado ilikuwa ile kitu. Prezida alikuwa akimchokoza: "Ile kitu iko na jina, Profesa." Naye alijifanya hasikii. Muhuri wa BARAKA ulining'inia ukutani, ukiwa mkavu, haujapata mahali pa kupigwa.

Mara ya mwisho nilishuka Baraka wakati wa kiangazi, nimetoka Kolwezi kwa kupitia Kalemie, na mfuko mmoja begani. Nilimkuta ufukweni. Alikuwa amezeeka, baiskeli ilikuwepo bado, lakini sasa haikuwa na mnyororo, aliiegemea tu. Alinitazama mfuko kwanza.

"Hiyo inatoka wapi, na inaenda kuwa nini?"

"Ni nguo chafu, Profesa."

"Basi umefika fasi yenyewe." Akanitazama usoni. "Na weye? Miaka yote hiyo kwa bantu. Unatoa povu?"

"Kidogo."

"Kidogo ni mwanzo. Kaa hapa tuangalie."

Nilikaa. Nikaona shati lake. Vifungo vilikuwa mpaka shingoni, kama zamani, lakini weupe ule wa kuumiza macho ulikuwa umekwenda. Shati lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyopata moshi. Safi kabisa, lakini si jeupe. Nikajua kwamba bibi yake hafichi tena mche nyuma ya mtungi.

Mbele yetu boti la Kalemie lilikuwa linapakia. Wanawake wa chama walishuka mteremko wakiwa na ndoo zenye vifuniko, Prezida mbele, sauti yake ikifika kabla yake. Mpakizi mmoja, mtu mzima mwenye mabega mapana, akapokea ndoo ya kwanza, akamgeukia nahodha.

"Kapiteni, hii buji iende wapi?"

"Tupa chini kule, kwenye mabido."

Profesa aliinua mkono. "Apana. Si kule."

"Ni buji tu, muzee."

"Kule chini kunaingia maji." Aliacha baiskeli ikaanguka mchangani, akasogea mpaka wimbi likamfikia viatu. "Weka juu, fasi kavu, na ufunike vizuri. Hiyo ni sabuni."

Prezida alisimama na ndoo kichwani. Wanawake nyuma yake wakasimama.

"Umesema nini, Profesa?"

"Umesikia."

"Sijasikia. Masikio yangu iko na maji. Sema tena."

Profesa alivuta pumzi, akanyoosha shati lake kwa viganja viwili. "Sabuni," alisema, kwa sauti ile ya darasani. "Sabuni ya Baraka. Kule inaenda hakuna muntu ataifanya kitu kingine. Itatiwa kwenye maji tu."

Prezida alipiga kigelegele bila kushusha ndoo, na wengine wakampokea, mpaka nahodha akaziba masikio. Ndoo zikapita mbele ya Profesa moja moja, karibu kiasi kwamba angeweza kuzigusa, zikapangwa juu, zikafunikwa na turubai. Nilikuwa namwangalia mdomo. Mzigo wote ulipita na hakuuliza swali hata moja.